Tuanzie Darajani: Kusomesha Jinsi Saratani Inavyoenea

Mtoto wa darasa la sita akiuliza, "Mwalimu, uvimbe ulianza kwenye titi, mbona maradhi yamefika mapafuni?" wengi wetu humjibu kwamba hayo atayasoma akifika chuo kikuu. Kwa maoni yetu jibu hilo halifai. Huenda mtoto huyo anauliza habari za mama yake.

Kwanza, mwalimu hana budi kulifahamu jambo lenyewe kuliko atakavyolisomesha. Seli nyingi za mwili hushikamana na kujishikiza mahali pake kwa protini, zikiwamo ziitwazo integrini. Integrini hupenya utando wa seli, ncha moja nje na nyingine ndani. Zinaposhika, vimeng'enya hukusanyika upande wa ndani. Kimoja wapo, kilichotambuliwa mwaka 1992, huitwa kwa kifupi FAK. Hicho hubandika fosfeti juu ya protini nyingine, na kwa njia hiyo hupeleka habari kwamba seli imeshika, basi iendelee kuishi, au ijongee. Seli ya kawaida ikibanduka huikosa habari hiyo, na aghalabu hufa. Katika saratani nyingi FAK huwa kingi mno au hufanya kazi kupita kiasi. Seli iliyobanduka huendelea kuishi, huingia katika mishipa, na huenda kuota kwingine.

Je, haya yasomeshwe vipi? Tuanzie Darajani. Kila mtoto wa mjini Unguja anaijua marikiti hiyo, iliyojengwa mwaka 1904, lakini si wengi wajuao asili ya jina. Zamani hori ya bahari iliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Hori imekwisha kufukiwa, jina limebaki. Mwalimu na achore ubaoni hori, daraja, na tarishi aliyesimama upande wa mji. Daraja ni integrini, tarishi ni kimeng'enya, mji ni seli. Kisha aulize: tarishi akileta habari kwamba daraja li imara, hali limevunjika, mji utafanya nini? Wanafunzi wajibu wenyewe, na mwalimu asiwaharakishe.

Baada ya hapo wapite kwenye mnada wa kuku. Mwaka 1911 huko New York, Peyton Rous alieleza jinsi maji yaliyochujwa kutoka katika uvimbe wa kuku, yasiyo na seli hata moja, yalivyoleta uvimbe kwa kuku wengine. Yalikuwa na virusi. Baadaye virusi hivyo vilionekana kubeba jeni ya kimeng'enya kiitwacho Src, ambacho hushirikiana na FAK. Na mwaka 1976 Bishop na Varmus pamoja na wenzao walionyesha kwamba asili ya jeni hiyo ni kuku mzima mwenye afya. Hapa pana funzo kubwa: kimeng'enya hiki ni mtumishi wa mwili mwenyewe aliyekosa kizuizi. Mwalimu aseme wazi kwamba virusi hivyo ni vya kuku, asije mtoto akaenda nyumbani akakataa kitoweo.

Tahadhari nyingine ni hii. Mfano ni ngazi ya kupandia, wala si mahali pa kukaa. Seli haina nia, na tarishi wetu hasemi uongo kwa kusudi. Darasani huenda yumo aliye na mgonjwa nyumbani. Asitoke akidhani kwamba maradhi yale ni adhabu.

Wapo watakaosema kwamba mzigo huu ni mzito kwa skuli ya msingi. Majina ya vimeng'enya ni mazito, nasi hatutaki mtoto ayakariri. Tunataka afahamu kwamba uvimbe ungali mahali pake mara nyingi waweza kukatwa, na seli zikishatawanyika kazi huwa ngumu. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Visiwani wamevuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi wamefika wamechelewa. Mtoto aliyelifahamu somo hili hatamtengea bibi yake sahani kwa kuogopa kuambukizwa, na huenda ndiye atakayesema nyumbani, "Twende hospitali leo."