Kisomo hakizuii hospitali: amana ya mtoto mwenye maradhi ya akili

  

Ndugu zangu Waislamu, Ikola ni makazi ya wavuvi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Nilipokuwa huko kwa shughuli za daawa, baada ya sala ya Ijumaa mvuvi mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 15, mikono imefungwa kwa kamba ya nyavu. Kwa miezi kadhaa kijana yule halali usiku, amejitenga na wenzake, ameacha shule, na husikia sauti za watu wasioonekana. Walikwisha kwenda kwa waganga wawili, na mtumbwi wa familia umeuzwa. "Sheikh, tusomee tu," akasema baba. "Hili ni jini la ziwani."

Nilimfungua kamba, nikamsomea. Kisha nikamwambia mzee yule ampeleke mwanawe hospitali. Akainamisha kichwa: "Sheikh, nikimpeleka huko watasema mwanangu kichaa. Nani atamwoza?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu. Mzee yule hakukosa mapenzi kwa mwanawe. Alichokosa ni mtu anayemwamini wa kumwambia mapema kwamba hospitali si aibu. Na mtu huyo, mara nyingi, ni sisi mashehe na walimu wa madrasa, kwa kuwa mlango wa kwanza kubishwa ni wetu.

Tuweke itikadi mahali pake. Majini wapo, na kisomo kina baraka. Hapana Muislamu anayekanusha. Lakini kusema kwamba kila anayeweweseka ana jini ni dai lisilo na dalili. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha kutafuta tiba, akawafahamisha kwamba hapana maradhi yaliyoteremshwa bila ya dawa yake, isipokuwa uzee. Hakuyatoa maradhi ya akili katika amri hiyo.

Huenda msomaji akauliza: je, yule mwanamke wa kifafa aliyetajwa katika hadithi sahihi hakuchagua kusubiri ili apate Pepo? Ndiyo, alichagua. Lakini yule alikuwa mtu mzima, na alijichagulia mwenyewe. Mtoto hajichagulii; sisi ndio tunaomchagulia. Subira ya mzazi juu ya maumivu ya mtoto, ilhali dawa ipo, si subira. Ni kupoteza amana.

Wazee wetu katika dini walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake imo mwilini. Hospitali aliyoijenga Nuruddin mjini Damascus mwaka 1154, na ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284, zilipokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Walioziendesha walikuwa watu wa kisomo, wala hawakuona mgongano.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilipokuwa kijana nikisomesha madrasa, nilikuwa na mwanafunzi aliyeduwaa katikati ya somo, macho yameganda, kisha akaendelea kama kwamba hapana lililotokea. Nilimchapa bakora mara nyingi kwa utovu wa adabu. Miaka mingi baadaye nilifahamu kwamba kipo kifafa kisichoangusha mtu chini, humzimisha mtoto kwa sekunde chache tu. Kalamu ya hesabu imeondolewa kwa mtoto hadi abaleghe, na kwa aliyepotewa na akili hadi arejewe nayo. Mimi niliandika kwa bakora pale ambapo Mola hakuandika. Namwomba maghufira.

Basi daktari wa maradhi ya akili ya watoto hufanya nini? Hafungi mtu kamba. Huanza kwa kusikiliza. Humwuliza mama juu ya uzazi, degedege na malaria kali iliyopanda kichwani, kwa kuwa hiyo huweza kuacha kifafa au kubadili tabia. Huuliza juu ya usingizi, shule, kipigo na misiba ya nyumbani. Mdogo humtazama akicheza. Kijana huzungumza naye faragha. Tiba yenyewe huweza kuwa mazungumzo, kuwaelekeza wazazi, au dawa. Dawa nyingi huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Na ya kifafa isikatwe ghafla, kwani degedege huweza kurudi kwa nguvu na kuua.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14. Huo ni umri wa madrasa, ndugu zangu! Sisi ndio tunaokaa na watoto hao kila jioni.

Sikatai kwamba njia ni ngumu. Kutoka Ikola hadi Mpanda, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 100, na Hospitali ya Mirembe iko mbali Dodoma. Madaktari bingwa wa fani hii nchini ni wachache mno, na waliobobea kwa watoto ni wachache zaidi. Serikali inapaswa kuwasogeza wataalamu na dawa hadi wilayani. Lakini safari huanzia zahanati iliyo karibu, ambako mgonjwa huandikiwa rufaa. Na nauli ya mgonjwa maskini ni mahali pema pa sadaka zetu za Ijumaa.

Nawausia walimu wenzangu: msomeeni mtoto, kisha mwambieni mzazi siku hiyo hiyo aende hospitali. Msimfunge, msimchape, wala msimwambie aache dawa ili kisomo kifanye kazi. Nanyi majirani, acheni kumwita mtoto wa mwenzenu kichaa, kwani neno hilo humfunga zaidi ya kamba ya nyavu.

Mzee yule wa Ikola alinipa mkono wa kwaheri akaniuliza: "Sheikh, nawe utawaambia watu kwamba ni wewe uliyenituma?" Nilimwambia ndiyo. Leo natimiza ahadi hiyo mbele yenu nyote.

Wabillahi tawfiq.