Mvujo si Mwingiliano

Sina ugomvi na neno mwingiliano pale redio mbili zinapogombea masafa mamoja. Kauli ya kutendana hudai pande mbili, nazo zipo. Ugomvi wangu ni neno hilo kubebeshwa jambo lisilo na mtu wa pili.

Itazameni ndege ipitayo Kisarawe ikishuka kuelekea uwanja wa Julius Nyerere. Tumboni mwake mna redio ya kupimia kimo, itumiayo masafa kati ya megahezi 4200 na 4400. Redio hiyo aghalabu hainyamazi ili isikilize: huimba mfululizo, sauti ikipanda na kushuka, huku imetega sikio kuungoja mwangwi wa ardhi. Ndege ikiwa mita 150 juu, mwangwi hurudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwimbaji keshahama sauti, na tofauti ya sauti hizo mbili ndiyo hutoa kimo. Ila sehemu ya wimbo huchepuka, ikaingia sikioni bila kufika chini. Kwa kuwa haikusafiri, huja na nguvu kuushinda mwangwi, na sikio likazibwa lisisikie kilicho karibu.

Hapo nani kamwingilia nani? Redio imezibwa na sauti yake yenyewe. Huo ni mvujo, neno ajualo kila aliyelala chini ya makuti makuukuu.

Na dawa yake? Mafundi huchota sehemu ndogo ya wimbi linalotumwa, wakaipindua hata kilele kiwe bonde, wakaipa nguvu na muda uleule wa mvujo, kisha wakaichanganya na kinachosikika. Muda usipolingana, mvujo hufa kwenye sauti ya chini ukafufuka kwenye ya juu. Wengi husema kufuta. Kwangu hilo ni neno la ubao. Tunayo kauli ya kutendua: kunja, kunjua, ziba, zibua, fuma, fumua. Mfumuaji hakati uzi. Huurudisha njia ileile, kinyume. Basi tuseme kufumua mvujo.

Nitaambiwa fizikia haiwangoji washairi. Lakini Minaki, hapo Kisarawe, na Kibaha Sekondari, vijana husomeshwa mawimbi kwa Kiingereza, wakatoka darasani wakitaniana kwa Kiswahili. Mmoja wao akitaka kumweleza bibi yake jinsi redio inavyojizibua, atamwambiaje? Mwenye neno lipitalo fumua na alilete. La mwingiliano sitalipokea.