Tangi la mpangaji ni mali ya nani?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilinijia akilini hivi majuzi, jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alipobisha mlangoni pangu akiwa ameshika mkataba wa nyumba aliyokuwa akipanga. Alikuwa akijiandaa kuhama. Miaka miwili kabla ya hapo, alinunua tangi la plastiki la lita 1,000 kwa fedha alizopokea zamu yake ilipofika katika chama. Akamlipa mwashi amjengee kitako cha saruji uani, na fundi wa mifereji aliunganishe tangi na bomba la nyumba. Sasa mwenye nyumba alikuwa amemwarifu kwamba tangi halitoki. Alinijia mimi nisiye wakili kwa kuwa alisikia kazi yangu ni maneno.

Mkazi yeyote wa Nairobi anajua ni kwa nini mama huyu alijinyima ili anunue tangi. Jiji letu hutegemea zaidi bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, likisaidiwa na mabwawa ya Sasumua na Ruiru pamoja na chemchemi za Kikuyu. Watu wameongezeka, na tangu mwaka 2017 mgao wa maji umekuwa sehemu ya maisha katika mitaa mingi. Shirika la Afya Duniani husema kuwa mtu mmoja huhitaji kati ya lita 50 na 100 za maji kwa siku. Jamaa ya watu watano kama yake, hata kila mmoja akijibana kwa lita 50, hutumia lita 250 kila siku. Kwa hivyo, tangi la lita 1,000 huwavusha siku nne. Asiye na tangi hana budi kungojea mkokoteni wa mitungi na kulipa bei aitakayo mchuuzi.

Ni haki kumsikiliza mwenye nyumba pia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hivyo tangi hilo likijaa ni tani nzima. Likiwekwa kwenye roshani au juu ya paa lisilojengewa mzigo huo, ni hatari kwa walio ndani na walio chini. Bomba lililofungwa vibaya huvuja na kuozesha dari, nalo tangi lisilo na kifuniko huwa mazalio ya mbu. Mwenye nyumba anaposema kuwa asiulizwe baadaye bali aombwe idhini kwanza, hakosei. Hata hivyo, kutoa idhini ni jambo moja, na kujitwalia mali ya aliyepewa idhini hiyo ni jambo jingine kabisa.

Niliusoma mkataba wenyewe. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza kitupu, na katika ukurasa wa tatu mlikuwa na sentensi moja ya mistari sita isiyo na nukta, iliyosema kuwa chochote kitakachoshikamanishwa na nyumba kitakuwa cha mwenye nyumba. Jirani yangu alidhani maneno hayo yahusu taa na vitasa vya milango. Kumbe yanatokana na kanuni kongwe ya sheria tuliyorithi kutoka Uingereza: kilichoshikamanishwa na ardhi huwa sehemu ya ardhi. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili ambao mkataba haukuutaja. Mahakama hutazama kifaa kimefungwa kwa kiasi gani na kwa kusudi gani, na kitu kilichokaa kwa uzito wake tu kwa kawaida hubaki mali ya aliyekileta. Basi hoja ya mwenye nyumba haikuwa wazi kama alivyodai. Lakini ni mpangaji gani atakayekwenda kortini kwa sababu ya tangi, ilhali amana yake ingali mikononi mwa yule anayeshindana naye?

Nisijifanye mwerevu. Niliporudi ndani na kuutafuta mkataba wangu mwenyewe, nilikuta sentensi iyo hiyo, na chini yake sahihi yangu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 43 nacho champa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Mpangaji wa kawaida hajaziona faida za vifungu hivyo viwili: maji hujitafutia mwenyewe, na mkataba unaomnyang'anya chombo cha maji hayo hauelewi.

Rai yangu ni kwamba, katika mji wa mgao, tangi si anasa bali ni sehemu ya nyumba kama lilivyo paa. Anayepokea kodi ndiye apasaye kuliweka, kwani gharama yake atairudisha kwa wapangaji wengi watakaopokezana nyumba hiyo miaka mingi, hali mpangaji hupita tu. Na pale mpangaji anapolazimika kulinunua mwenyewe, kabla fundi hajafika na iandikwe karatasi moja kwa Kiswahili: tangi ni la nani, litakaa wapi na juu ya nini, nani atalisafisha na kulitengeneza, na siku ya kuhama litaondolewa au litanunuliwa kwa kiasi gani. Watie sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala yake, na mpangaji aitunze stakabadhi ya dukani.

Jirani yangu amekwisha kuhama na tangi lake lingali palepale uani. Mpangaji mpya aliambiwa kuwa nyumba hiyo haikosi maji, na kwa sababu hiyo kodi imepandishwa. Nasikia kwamba katika mkataba wake tangi limetajwa waziwazi kuwa ni la mwenye nyumba. Yeye amekwisha kuijua thamani ya kuandika. Imebaki zamu yetu sisi wapangaji.