Daftari la MAC halilindi waifai ya chuo

Juzi binamu yangu, aliyeanza chuo mwaka huu, alinipigia simu akiwa na hasira. "Kaka, laptopu yangu inaiona waifai ya chuo lakini haiingii." Alikuwa ameipeleka ofisi ya TEHAMA, wakaandika nambari fulani kwenye daftari, kisha wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Kazi yake ya kwanza ilitakiwa kuwasilishwa kwenye tovuti ya chuo Ijumaa hiyo hiyo.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilipokuwa mwanafunzi, katika chuo kingine, mimi pia niliandikwa kwenye daftari kama hilo.

Kwa wale ambao si watu wa mitambo, nambari hiyo inaitwa anwani ya MAC. Kila kadi ya waifai hutoka kiwandani ikiwa na yake, tarakimu na herufi 12. Msimamizi wa mtandao huweka orodha ya anwani anazozikubali, na kifaa kisicho kwenye orodha hubaki nje. Inaonekana kama ulinzi. Shida ni kwamba anwani hiyo husafiri hewani bila kufichwa, hata kama waifai yenyewe ina neno la siri, na laptopu inaweza kuamriwa kutumia anwani nyingine. Ni kama askari wa langoni anayeangalia namba ya gari bila kumwangalia dereva.

Nalijua hili kwa sababu nililifanya. Nilipochoka kungoja, nilichukua anwani ya tarakilishi moja ya maktaba nikaipa laptopu yangu. Kwenye Linux ni amri mbili tatu tu. Nikaingia, nikajiona mjanja. Kesho yake nikapita maktaba nikamkuta mama anayehudumu pale akihangaika. Mtandao wake ulikuwa unakatika kila mara, na foleni ya wanafunzi wanaotaka vitabu ilikuwa imefika mlangoni. Mashine mbili zenye anwani moja kwenye mtandao mmoja huvurugana. Nilijua kinachomsumbua, na sikusema. Nilizima laptopu nikaondoka. Mpaka leo naona aibu.

Sasa niulize, daftari lile lilisaidia nani? Mwanafunzi mwaminifu alizuiwa wiki mbili. Mjanja alipita kwa dakika tano, tena akamwumiza mtu asiye na kosa.

Na siku hizi daftari limepitwa hata zaidi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya kubahatisha kwa kila mtandao ili mwenyewe asifuatiliwe. Windows pia ina swichi ya kufanya hivyo. Mwanafunzi akiiwasha bila kujua, laptopu iliyosajiliwa Jumatatu inakuwa mgeni Jumanne, naye anarudi kwenye foleni.

Vyuo vingine vimeacha daftari vikaweka neno moja la siri kwa watu wote. Hilo nalo halikai. Kabla muhula haujaisha, hata mwuza chapati nje ya lango analo. Likibadilishwa, wote wanakatiwa.

Dawa ipo, tena si mpya. Mpe kila mwanafunzi akaunti yake. Mfumo huo unaitwa WPA2-Enterprise, na umekuwepo tangu 2004. Mwanafunzi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, seva inamthibitisha, basi. Akiharibu, anafungiwa yeye peke yake. Akimaliza masomo, akaunti inafungwa. Mtandao wa eduroam, unaotumiwa na vyuo vya nchi nyingi, umejengwa juu ya wazo hili, na hapa Kenya unasimamiwa na KENET. Mwanafunzi wa chuo kilichojiunga anaweza kutembelea chuo kingine kilichojiunga na laptopu yake ikaingia bila daftari lolote.

Najua wasimamizi watasema nini. Kwanza, gharama. Programu ya FreeRADIUS, inayofanya kazi ya kuthibitisha, ni ya bure, na kwa chuo kidogo haihitaji seva kubwa. Pili, watasema wanafunzi watamaliza mtandao kwa kupakua filamu. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini ukimjua kila mtumiaji ndipo unaweza kumwekea kila mmoja kiwango chake. Tatu, kuunganisha laptopu mara ya kwanza ni kugumu kidogo. Hapo nakubali. Wanafunzi wengi huruka hatua ya kukagua cheti cha seva, na hivyo mtu anaweza kusimamisha waifai bandia yenye jina lile lile akavuna maneno yao ya siri. Kwa hiyo chuo kitoe programu ndogo ya kuweka mipangilio yote, na siku ya kwanza kiwafundishe wageni. Pia kilinde kumbukumbu za nani aliingia lini, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakihusu.

Binamu yangu aliniuliza kama hakuna njia ya mkato. Nilimwambia ipo, nikamsimulia habari za yule mama wa maktaba, nikakataa kumwonyesha. Akanunua bando kwa pesa ya nauli, akaunganisha laptopu kwenye simu, akatuma kazi saa tano usiku. Karo ameshalipa, na waifai ilikuwa inaonekana pale pale kwenye kioo chake.

Wewe je, chuoni kwenu mnaingiaje?