Damu mmechukua, majibu yako wapi?

Vijana wenzangu, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Naandika kuhusu tone la damu.

Nilipomaliza kidato cha sita, wakati nasubiri matokeo, nilipata kibarua kwenye utafiti mmoja wa malaria. Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza maswali ya dodoso na kumsaidia muuguzi aliyekuwa anatoboa watoto kidole na kudondosha damu kwenye karatasi maalumu. Posho ilikuwa nzuri kwa kijana asiye na kazi, sitadanganya. Kabla ya kutoboa nilisoma fomu ya ridhaa, kurasa tatu nzima, halafu mzazi anaweka sahihi au dole gumba. Kaya ikipata mche wa sabuni, tunahamia nyumba ya pili.

Kuna bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka dole, halafu akaniuliza: "Sasa mjukuu wangu, majibu ya hii damu mtaleta lini?"

Nikamwambia, "Yatakuja, bibi."

Sikuwa na hakika hata kidogo. Nilisema vile kwa sababu jua lilikuwa kali na tulibakiza kaya kumi na moja. Majibu hayajaja mpaka leo. Ripoti iliandikwa, ikawasilishwa hotelini mjini, wakubwa wakapiga picha ya pamoja. Kijijini hakurudi mtu.

Kwa muda mrefu nilidhani ule ulikuwa uzembe wa mradi wetu tu. Baadaye, nikiwa chuo, nilianza kusoma vyeti vya kibali cha utafiti, vile ambavyo wanafunzi huambatisha nyuma ya tasnifu zao. Kibali cha kitaifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1979. Vyeti nilivyosoma vina masharti yanayofanana: ripoti ya maendeleo kila miezi sita iende wizarani, NIMR, kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya. Kabla ya kuchapisha matokeo, upate ruhusa ya NIMR. Ukishachapisha, peleka nakala wizarani na NIMR. Ukikiuka, kuna faini. Soma tena orodha hiyo, ndugu yangu. Kila mwenye ofisi ametajwa. Mwenye damu hayumo.

Sitaki kuonekana nabeza watafiti. Nimewaona wakilala kwenye madarasa ya shule na kusukuma gari kwenye tope. Na kamati za maadili zina kazi ya maana, maana historia ya dunia imejaa madaktari waliowafanyia watu maskini mambo ya kutisha kwa jina la sayansi. Lakini maadili yetu yanaishia pale dole gumba linapokauka. Tunaulizwa "unakubali?" na baada ya hapo sisi si sehemu ya mazungumzo tena. Ruhusa ya kujua inahamia serikalini. Na serikali ikishika majibu, majibu yanakuwa siasa.

Tukumbushane Desemba 2016. Mkurugenzi Mkuu wa NIMR wakati huo, Dk. Mwele Malecela, alitangaza kwamba utafiti wa taasisi yake umekuta dalili za maambukizi ya Zika kwa watu 83 kati ya 533 waliopimwa. Wizara ikakanusha, ikasema hakuna Zika nchini. Ndani ya siku mbili tangu atangaze, Rais Magufuli akatengua uteuzi wake. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Wapo waliosema, na wanasema bado, kwamba mama yule alikosea utaratibu, kwamba kukuta maambukizi kwenye sampuli si sawa na kutangaza mlipuko, na kwamba kauli kama ile ingeua utalii. Hoja ya kwanza na ya pili naziheshimu. Ni kweli si sawa. Basi jibu lilikuwa kukaa meza moja na kuwafafanulia wananchi tofauti hiyo, hasa wajawazito, maana mwaka ule ule dunia nzima ilikuwa inaona watoto wanaozaliwa na vichwa vidogo kule Brazil. Virusi vyenyewe viligunduliwa jirani tu, msitu wa Zika nchini Uganda, mwaka 1947. Ajabu iko wapi vikionekana kwetu? Badala ya maelezo, tulipewa utenguzi. Dk. Malecela alikwenda Shirika la Afya Duniani kuongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, dunia ikafaidi elimu yake, akafariki Februari 2022. Sisi tulibaki na somo ambalo kila mtafiti kijana alilielewa: ukikuta jambo, kwanza angalia litamuudhi nani.

Na baadaye somo likaandikwa kuwa sheria. Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kuutangazia umma takwimu zinazolenga kupinga au kudhoofisha zile rasmi, adhabu ikiwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Benki ya Dunia ikalalamika, na 2019 kipengele kikalegezwa. Wapinzani wa hapa tulipiga kelele kwanza, lakini tujue ukweli: iliyosikika ni kelele ya mwenye mkopo.

Halafu ikaja korona. Tarehe 29 Aprili 2020 tulitangaziwa wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kimya, mwaka mzima na zaidi. Tukaambiwa papai na mbuzi wamekutwa na korona, hivyo vipimo havifai. Kama vipimo vilikuwa na kasoro, vingerekebishwa. Kilichozimwa kilikuwa hesabu. Wengi wetu tulizika watu mwaka 2021 tukiandika "changamoto ya upumuaji" kwenye vikundi vya WhatsApp, tunaogopa kutaja jina la ugonjwa uliomuua ndugu yetu.

Mtasema hayo ni ya awamu iliyopita. Haya, twende Kagera.

Machi 2023 Marburg iliingia Kagera na serikali ikatangaza yenyewe. Nawapa haki yao, ile ilifanyika vizuri. Januari 2025 ugonjwa ukarudi, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 WHO ikatoa taarifa ya tuhuma za ugonjwa. Wizara ikajibu kwamba sampuli zimepimwa, hakuna aliyekutwa nao. Tarehe 20, Rais Samia akiwa Dodoma na mkuu wa WHO, Dk. Tedros, akathibitisha kwamba Marburg ipo. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, hesabu ilikuwa wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote kumi walikufa.

Marburg inaambukiza kwa majimaji ya mwili. Anayemsafisha mgonjwa, anayeosha maiti, mhudumu wa zahanati asiye na glavu za kutosha, hao ndio wa kwanza kuupata. Kati ya tarehe 14 na 20 ni siku sita. Siku sita ambazo mwenye redio ya kigeni alijua kuna tuhuma, na mama wa Biharamulo anayeuguza mume wake aliambiwa na serikali yake kwamba hakuna kitu.

Hapa ndipo ninapoona kosa la bibi yule na kosa la Biharamulo ni kosa moja. Katiba yetu, ibara ya 18, inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Ugonjwa ulio kwenye damu yangu kama si muhimu kwa maisha yangu, sijui kitu gani ni muhimu. Kwa hiyo sheria ya NIMR iguswe. Mkurugenzi wake asiondolewe kwa sababu ya alichokuta maabara. Awekewe kipindi na utaratibu wa kuondolewa unaoeleweka. Kibali kiwe na sharti jipya, tena lenye faini kama yale mengine: mtafiti arudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, aeleze kwa Kiswahili cha watu alichokuta, na aulizwe maswali. Gharama ya nauli na karatasi za kuchorea haizidi ya ile hoteli.

Lakini tusingoje Bunge hili. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, ambayo vijana wengi hatuitumii. Raia anaandika ombi kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ripoti za tafiti zilizofanyika wilayani kwako zinatakiwa ziwe kwa mganga mkuu wa wilaya, masharti ya kibali yanasema hivyo. Nenda kaziombe. Kila tawi letu lichague tafiti mbili tu zilizopita kwenye kata yake, liombe ripoti, litafute mwanafunzi wa udaktari au uuguzi aisome, kisha mkasome mbele ya watu.

Mimi nimeanza na ule wa kwetu. Barua nimeipeleka kwa mkono, karani wa masjala akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Wewe ni mwandishi wa habari?" Nikamwambia hapana, nilikuwa nashika karatasi za damu. Akacheka, akagonga mhuri. Leo ni siku ya 12. Bibi bado yupo hai, nilimpigia simu kupitia kwa mwanaye, ameniambia anasubiri.