Wazee: Japani na China zimetunga sheria, Kongo bado inategemea watoto

Nchini Japani, karibu watu 29 kwa kila 100 wana miaka 65 ao zaidi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wenye umri huo ni karibu 3 tu kwa 100, na karibu nusu ya wakaaji hawajafikisha miaka 15. Wengi wanaona basi kwamba uzee ni shida ya mataifa tajiri. Lakini yaliyotokea Asia yanaigusa Kongo pia.

Mwaka 1950, wazee wa Japani hawakufika 5 kwa 100. Kutunza wazazi ilikuwa kazi ya mtoto wa kwanza wa kiume na bibi yake. Kisha vijana wakahamia mijini, wanawake wakaingia kazini, uzazi ukapunguka. Desturi haikutosha tena. Tangu Aprili 2000, kila mkaaji mwenye miaka 40 na zaidi anatoa mchango wa lazima. Mzee akishindwa kuoga ao kutembea, mfuko huo unalipa sehemu kubwa ya gharama za kumhudumia.

China nayo inasifiwa tangu zamani kwa heshima kwa wazazi. Lakini siasa ya mtoto mmoja, iliyodumu toka 1980 hadi mwisho wa 2015, iliacha watoto wengi bila ndugu wa kugawana nao mzigo. Tangu Julai 2013, sheria inadai watoto wanaoishi mbali watembelee wazazi wao mara kwa mara.

Mashariki mwa Kongo husemwa: sungura akizeeka, ananyonya kwa watoto wake. Lakini vita imetawanya watoto hao, na wengine hawana kazi. Katika makambi ya waliokimbia vita, mara nyingi wazee wenyewe ndio wanalea wajukuu. Heshima nayo imepunguka: mwaka 2021, huko Kivu Kusini, wanawake wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi.

Sheria zipo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria ya Julai 2016 inapanga malipo ya uzeeni kupitia CNSS. Ila mfuko huo unasimama hasa juu ya michango ya wenye mishahara. Mkulima wa Masisi, mama muuza samaki wa Bukavu na mchimba dhahabu wa Ituri hawana mkubwa wa kazi wa kuwalipia.

Japani ilianza mfuko wake wakati wazee walikuwa tayari 17 kwa 100. Kongo ingali na muda, lakini muda huo una mwisho: aliyezaliwa mwaka 2000 atatimiza miaka 60 mwaka 2060. Kama hakuna njia ya kumwezesha asiye na mshahara kuweka kidogo kidogo tangu sasa, atabaki na watoto wake tu, wakiwa karibu na wakiwa na uwezo.