“Si Inakatwa Kwenye LUKU?”

Muulize mwenye nyumba yeyote wa Dar es Salaam kama amelipa kodi ya jengo. Hatakuonyesha risiti, wala hatakutajia kiasi. Atakujibu kwa swali, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama leo amevuta pumzi: “Si inakatwa kwenye LUKU?” Na wanaousifia utaratibu huu hawaishi kutuambia kwamba kodi nzuri ni ile usiyoisikia. Mimi naona kodi usiyoisikia ndiyo kodi usiyoijua, na mara nyingi huijui kwa sababu anayeisikia ni mwenzio.

Nakubali mapema kwamba tulikotoka hakukuwa kuzuri. Waliosimama juani Julai 2017 kulipa kodi hii, foleni imezunguka jengo la TRA, hawana hamu ya kurudi huko. Tangu Agosti 2021 mita ya umeme ya LUKU ndiyo imekuwa mkusanyaji. Ukinunua umeme mara ya kwanza kwa mwezi, inakata chake. Ilianza na shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa la mjini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Ukikaa miezi mitatu bila kununua, deni la miezi mitatu linakungojea palepale. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba mita inamjua anayenunua umeme. Mwenye nyumba haimjui.

Nimepanga Temeke miaka kadhaa, nyumba ya vyumba sita, mita moja ukutani karibu na mlango wa uani. Tarehe mosi ilikuwa siku ya kutegeana. Mita inalia, uniti zimebaki mbili, na kila mtu ghafla ana usingizi. Tulikuwa tunajua kwamba shilingi elfu kumi zinaleta uniti 28, ila atakayetangulia kununua mwezi huo ataambulia 23 na ushee. Kuna mwezi tulikaa gizani hadi saa nne usiku, watu wazima sita, kila mmoja akimsikilizia mwenzake, mpaka baba wa chumba cha mbele, ambaye mtoto wake alikuwa na mtihani kesho yake, akatoa simu huku akitusonya. Mwenye nyumba wetu, mzee mstaarabu kabisa, alikuwa anaishi Kigamboni. Alipokuja kuchukua kodi alitueleza kwa fahari kwamba yeye hajawahi kudaiwa na serikali. Ni kweli, hakuwahi kudaiwa. Hakuwahi kulipa pia.

Labda lugha yenyewe inachangia. Kodi ya nyumba, kodi ya jengo, kodi ya ardhi, zote kodi. Ukizitamka haraka zinakuwa kitu kimoja. Lakini kodi ya jengo mdaiwa wake ni mwenye jengo. Mpangaji aliyekatwa amemlipia mtu deni, na haki yake ni kurudishiwa au kupunguziwa kwenye pango. Utaratibu ulipoanza serikali ilisema hivyo. Nionyesheni mkataba wa kupanga chumba Manzese au Buguruni ulioandika jambo hilo. Mpangaji gani atamkabili mwenye nyumba kwa ajili ya 1,500 ilhali kesho anaweza kuambiwa chumba anakitaka mpwa wake?

Tukiacha nani analipa, kuna suala la kinacholipiwa. Nyumba ya chini ya vyumba saba Mbezi Beach, yenye bwawa la kuogelea na geti la umeme, ni 1,500. Vyumba viwili na sebule Mbagala, kwenye njia isiyopitika masika, ni 1,500. Kodi hii ilipowekewa sheria mwaka 1983 ilijengwa juu ya uthamini: nyumba inakadiriwa, na mwenye kikubwa anatoa kikubwa. Leo thamani haiulizwi na mtu, na mwenye bwawa hana sababu ya kuuliza. Mtaro wa mtaani ukiziba, tukamlalamikie nani? TANESCO waliokata, TRA wanaopokea, au halmashauri, ambayo kwa jina ndiyo mwenye kodi? Zamani mtu aliyeshika risiti ya halmashauri alikuwa na cha kugonga nacho meza. Tokeni yenye tarakimu ishirini haigongi meza.

Shangazi yangu wa Morogoro ana miaka 71 na anaishi peke yake kwenye nyumba yake. Sheria inamsamehe mwenye miaka 60 na kuendelea kwa nyumba moja anayoishi. Alikatwa miaka miwili, kwa sababu mita haijui cheti cha kuzaliwa. Msamaha unaombwa, tena kwa vielelezo. Ofisi ya kwanza ilimwelekeza ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza. Alipofanikiwa, jirani yake, bibi wa rika lilelile, alimshangaa: “Kumbe nako kuna kuomba? Mimi najua inakatwa tu.”

Na wale wenye hati wanaodhani LUKU imewamalizia kila kitu wakaangalie pango la ardhi. Hilo ni deni jingine kabisa. Linakwenda Wizara ya Ardhi, linahesabiwa kwa ukubwa na matumizi ya kiwanja, mwaka wake unaanza Julai, na haliguswi na umeme hata ununue wa milioni. Limbikizo lake linaweza kukufikisha kwenye kufutiwa hati.

Sisemi haya nikiwa msafi. Sasa nina nyumba yangu Kibaha. Upande mmoja naishi, upande wa pili nimempangisha dada mmoja anayeuza vitenge, na nilimwekea mita yake ili tusigombane. Nyumba ni moja, mita mbili, na kila mita ilikuwa inakata 1,500. Sikujua, maana ujumbe wa tokeni nausoma tarakimu tu. Yeye alikuwa anasoma wote. Siku moja alinionyesha simu yake: ujumbe wa miezi 24, hajafuta hata mmoja.

Nikachukua namba za mita zote mbili, nikaenda kuomba moja iondolewe. Pango la mwezi uliofuata nikampunguzia 36,000. Akapiga hesabu, akapiga tena, akaniangalia.

“Kaka,” akasema, “na ya mwezi huu? Mita imeshakata.”